Mkalimani Aliyejua Kichina Kimoja

Jina lake silitaji, kwa sababu alilipenda mno na sioni kwa nini nimpe raha hiyo. Mji mzima wa Same tulimwita Mkalimani. Wenye adabu walitanguliza neno "mzee", na sisi wengine tuliliacha hivyo hivyo. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyewahi kupelekwa kusoma Beijing, na miaka michache aliyokaa huko aliirefusha kila alipoisimulia, hata ukimsikiliza ungedhani alikwenda China akiwa bado ananyonya.

Wapare wenzangu watataka kujua alikuwa wa ukoo gani na alizaliwa upande upi wa mlima. Sisemi. Watu wa kwao nina ugomvi nao kidogo tu, ugomvi wangu ni na yeye.

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili, ndogo na ya puani, ya mtu anayeona maneno yake yanapotea bure. Ya pili ilikuwa ya Kichina, na hiyo ilijaa stendi nzima. Kambi ya Wachina waliokuwa wakijenga barabara ikimpigia simu, Mkalimani alisimama hata kama alikuwa anakula, akatoka nje ya mgahawa, akatafuta mahali penye watu, ndipo akapokea. Mama mmoja muuza vitumbua pale stendi aliniambia alishamwona simu ikimkatikia mkononi naye akaendelea kuongea, akitikisa kichwa na kucheka, mpaka basi la Tanga lilipoondoka na watazamaji wake.

Mkononi hakukosa chupa ya chai iliyojaa maji ya moto matupu. Same, ambako jua linakukaanga tangu asubuhi, yeye alikunywa maji ya moto na kuwatazama wenye soda baridi kama watoto waliookota kitu jalalani. "Mchina hanywi baridi," alisema. Hakuna aliyemuuliza Mchina anakunywa nini. Kwenye harusi moja kule Shighatini alitoa vijiti viwili mfukoni akaanza kula makande navyo. Mahindi aliyaweza, maharage yakamkimbia. Wenyeji walikuwa wameamua kungoja mgeni wa heshima amalize ndipo wapakuliwe wengine, kwa hiyo ukumbi mzima ulikaa na njaa ukitazama harage moja baada ya jingine likirudi sahanini. Nyumbani kwake, mkewe alinithibitishia, makande alikula kwa mkono kama sisi sote, tena alilamba vidole.

Namjua vizuri kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake. Alifungua darasa la jioni nyuma ya mashine ya kusaga, na sisi vijana tuliotaka kazi kambini tulikwenda. Nisimnyime haki yake: hakuchelewa hata mara moja, mvua au jua, na herufi zake za Kichina ubaoni zilikuwa nzuri mpaka unaona huruma kuzifuta. Mama yangu alipougua na kulazwa mjini, alikuja kumwona akiwa na chupa ile ile, akamtilia maji ya moto, akakaa naye mchana mzima. Mama hajalisahau jambo hilo. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma zaidi, maana mtu mbaya tupu ungemfungia mlango mapema.

Sheria yake ya kwanza darasani ilikuwa kwamba tusiongee na Wachina. Tulidhani anatania. Alisema wale wa kambini wametoka mikoa ya ovyo, matamshi yao yameoza, wangetuharibu. Jioni moja alikuja fundi wa magari wa kambini, mtu wa makamo mwenye mikono ya grisi, kumletea ujumbe. Akasema maneno mawili matatu ya Kichina. Mkalimani akamkatisha, akamrudishia neno moja kwa sauti iliyopanda na kushuka, akamtaka alirudie. Fundi alimtazama, akatutazama sisi, akacheka kwa upole, kisha akampa sigara. Alipoondoka Mkalimani alitugeukia na sigara ile kidoleni. "Mmeona? Amekubali." Mchina alikuwa amefundishwa Kichina na Mpare nyuma ya mashine ya kusaga, na sisi tulitakiwa kushangilia.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Lugha ni ile yenye serikali. Nyingine zote ni mazoea." Kwa msemo huo alikuwa ameishi zamani sana kabla ya Kichina. Alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto aliyekamatwa akiongea Chasu, lugha yetu sisi Wapare, alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Watu wazima wa Same wenye wajukuu bado wanakitaja kibao kile kwa kunong'ona. Na usidhani ilikuwa kazi tu na akifika nyumbani aliivua. Mama yake mzazi alikuwa bibi wa milimani asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu. Alipomshukia mwanawe mjini, bibi aliongea Chasu, na Mkalimani alimgeukia mkewe akauliza, "Anasema nini?" Mkewe alitafsiri. Yeye akajibu kwa Kiswahili, na mkewe akamrudishia bibi kwa Chasu. Mkalimani alikaa katikati ya wanawake hao wawili akingoja tafsiri ya lugha aliyonyonya nayo, na wala hakuona aibu.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Dada yangu alikuwa anashusha njegere na tangawizi kutoka kwetu Mhezi, juu mlimani, kwenda kuuza Hedaru siku za gulio. Hedaru barabarani kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la mama mmoja wa Kichina, mjane, na kijana wake. Hawa hawakuwa Wachina wa kambi. Walikuwa wamehamia Dar es Salaam kutoka kisiwa cha Morisi, ambako babu zao walifika kwa meli kutafuta maisha, kisha wakasogea Hedaru. Wao ni Wahaka, Wachina wa kusini, na nyumbani waliongea Kihaka, lugha waliyotoka nayo kijijini kwao na kuibeba kisiwa kwa kisiwa. Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha dukani, kifupi, kisicho na mapambo, lakini hakuna fundi wa Hedaru aliyemdanganya kwacho. Kijana wake na dada yangu walipendana. Hilo halikumshangaza mtu yeyote aliyewaona wakigombania uzito wa gunia la njegere kwenye mizani ya dukani.

Wakaleta posa kama inavyotakiwa. Baba yetu alikwisha kufariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba mkubwa. Baba mkubwa hakumkataa Mchina, alikuwa na hofu moja tu ya Kipare. "Wakianza kutusengenya kwa lugha yao hapa hapa mbele yetu," alisema, "nani atatuambia?" Jibu lilikuwepo, tena na chupa yake ya chai. Mkalimani akaalikwa kukaa upande wetu kama sikio la ukoo.

Wageni walipanda Mhezi na kila kitu kilichotajwa: blanketi la mama, mbuzi, dengelua ya wazee, pombe ya miwa, kwenye kibuyu na kreti za soda kwa ajili ya Wasabato. Msemaji wao alikuwa jirani yao wa Hedaru, mfanyabiashara Mwislamu mwenye ulimi laini, na aliongea vizuri kiasi kwamba wazee wetu walianza kutabasamu kabla hawajaruhusiwa. Mambo yalikuwa yamekwisha. Ndipo yule mama akasimama.

"Naomba niseme kidogo kwa lugha ya kwetu," alisema. "Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alisema kwa lugha hiyo. Naona vibaya nikisema kwa Kiswahili cha kuuzia misumari."

Akasema. Haikuwa ndefu. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikaona anahesabu maneno kwa vidole, nikaelewa kwamba maneno yale alikuwa ameyapanga tangu Hedaru. Mkalimani alitikisa kichwa taratibu wakati wote, kama mtu anayefuata. Alipomaliza, badala ya kutafsiri, aliinama sikioni kwa baba mkubwa akaomba wazee watoke kando.

Kando kwetu ni nyuma ya jiko, penye migomba. Mimi nilikuwa nimerudi jikoni na dirisha lilikuwa wazi.

"Hicho si Kichina," Mkalimani alisema.

"Ni nini basi?" baba mkubwa aliuliza.

"Si kitu. Anababaisha. Mimi Kichina nakijua, nimekisomea kwenyewe. Hao ni watu waliotangatanga visiwani, wakaokota maneno njiani. Mpeleke Beijing leo, hakuna atakayemwelewa. Mnataka kumpa binti yenu watu ambao hata kwao hawajulikani?"

Mzee mmoja aliuliza, "Lakini amesema nini?"

"Nimekwambia hajasema kitu."

Wazee wakalizungumza wenyewe kwa Chasu. Nataka msomaji alione jambo hili kama nilivyoliona mimi na masizi yangu mikononi. Wazee wa Mhezi, ambao lugha yao ukishafika Korogwe hakuna anayeijua, walikaa kwenye migomba na kukubaliana kwa lugha hiyo hiyo kwamba mtu asiyeeleweka mji mkuu wa nchi yake hana asili. Kwao asili ndiyo kila kitu, na Mkalimani alijua pa kugusa. Angeweza kusema neno moja, kwamba hakuelewa, tukala tukanywa. Lakini neno hilo halikuwa kwenye Kichina chake wala kwenye Kiswahili chake.

Wakarudi. Baba mkubwa akasema wazee wamesikia na watajibu. Kwa Wapare hilo lenyewe ni jibu. Wageni hawakuambiwa sababu, na wiki haikupita blanketi likarudishwa Hedaru likiwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Dada yangu alilifuata blanketi. Alishuka na begi lake akaenda kukaa na mwanaume wake bila ruhusa ya mtu, na baba mkubwa akapiga marufuku: asikanyage ua wa Mhezi mpaka jambo lile liwe limenyooka, na hakusema litanyookaje. Mtoto akazaliwa, wa kike. Mama yetu ana miguu inayovimba, mteremko ule hauwezi, na gari likimtikisa analala wiki. Akawa anamjua mjukuu wake kwa picha za simu tu. Alikuwa anaishika simu karibu na uso, anaongea nayo Chasu, na picha haijibu. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mkalimani nilipomwona mama akifuta kioo cha simu kwa kanga ili amwone mtoto vizuri. Darasani kwake sikurudi tena.

Lililovunja uongo wake lilikuwa bomba. Bomba la maji la baba mkubwa lilipasuka kiungio, akashuka Hedaru kutafuta kingine, akazunguka maduka yote akikwepa lile moja. Kiungio cha saizi ile kilikuwa kwenye lile moja tu. Akaingia, akajibanza pembeni, akangoja zamu yake kama mwizi. Mbele yake alikuwa injinia kijana wa kambini, Mchina wa Kichina chenyewe, amekuja kutafuta brashi za rangi. Kijana akasema kwa lugha yake. Mama wa dukani akajibu kwa yake. Kijana akatikisa kichwa. Wakajaribu tena, taratibu, kwa vidole, wakashindwa, wakaanza kucheka.

"Mama, tuongee Kiswahili tu," injinia akasema.

"Haya. Unataka kubwa au ndogo?"

Baba mkubwa alinisimulia hayo mara nyingi. Wachina wawili walikuwa wanauziana brashi kwa Kiswahili katikati ya Hedaru. Akasahau bomba.

"Kijana," alimwuliza, "huyu mama si Mchina?"

"Mchina," injinia akasema. "Mimi natoka kaskazini, yeye Mhaka. Bibi yangu mzaa mama naye ana lugha yake, hata baba yangu haisikii vizuri. Shuleni tukiiongea tulichapwa."

"Kwa hiyo hicho anachoongea ni lugha?"

Injinia alidhani mzee anatania. "Sasa ni nini, mzee?"

Baba mkubwa alipanda mlima bila kiungio. Kwetu neno lililovunja kikao halifutwi kwa kusikia tu wala kwa simu. Aliyelisema anarudi kwenye ua ule ule, mbele ya watu wale wale, analitoa kwa kinywa chake. Asipolitoa, linabaki, hata kama kila mtu anajua ni uongo. Wazee wakaniagiza mimi, kwa kuwa nilikuwa nashuka Same kila wiki na nilikuwa nimewahi kukaa mbele ya ubao wake.

Nilimkuta barazani kwake, chupa pembeni. Nikampa shikamoo kwa sababu nilitumwa. Nikamweleza kwamba anaitwa Mhezi.

"Wanahitaji mkalimani?" alisema, na uso ukamng'aa.

"Hapana. Wanahitaji useme kwamba siku ile hukuelewa."

Alifungua chupa, akajimiminia, akafunga. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Aliniangalia kwa upole wa mwalimu. "Binti," akasema, "kuna kutoelewa, na kuna kukosekana cha kuelewa. Hayo ni mambo mawili."

"Mama yangu hajamshika mjukuu wake, mzee. Ni neno moja tu."

"Nitakuja," akasema. "Ila nitakuja kama mtaalamu." Nilitamani kumwaga maji yale ya moto kwenye maua yake, lakini mjumbe wa wazee hamwagi kitu, nikaaga.

Alikuja kweli, kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Watu wale wale walikuwa wamekaa pale pale. Mama wa dukani alikuja na msemaji wake, na blanketi limo mfukoni. Dada yangu na mumewe walisimama nje ya ua, upande wa pili wa mlango wa miti, mtoto mgongoni, maana marufuku ilikuwa haijaondoka. Mama yangu aliwekewa kiti mahali ambapo angeweza kuwaona. Walitazamana tu.

Mkalimani alisimama, akaanza. Alisema China ni nchi kubwa. Alisema ina lahaja, na lahaja zina lahaja. Alisema siku ile yeye alitoa maoni ya kitaalamu katika mazingira magumu, na kwamba maoni ya kitaalamu hutegemea maendeleo ya utafiti. Mtoto akaanza kulia huko nje.

"Mkalimani," baba mkubwa akamkatisha, "sisi tunaomba kitu kidogo. Siku ile ulielewa, au hukuelewa?"

"Swali hilo ni jepesi mno kwa jambo zito."

Mama wa dukani akasimama. Safari hii hakuhesabu kwa vidole. Alimgeukia Mkalimani peke yake, akasema naye kwa Kihaka, polepole, kwa sauti nzuri ya chini, akipumzika mahali na mahali kana kwamba anasali. Akamaliza akabaki amesimama, anamtazama. Na sisi sote tukamtazama. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, neno moja la kweli lilikuwa limebaki, na hakuna mtu pale ambaye angemcheka.

Mkalimani akajikohoza. Akavuta koti. Akatoa ile sauti yake kubwa.

"Anasema," akatangaza, "amefurahi kufika katika ukoo huu. Anasema binti yenu atakuwa mwanawe wa kumzaa. Anasema hatamnyang'anya kwao, wala lugha yake, na watoto watakaozaliwa watawajua bibi zao wote wawili."

Yalikuwa maneno mazuri. Nilimwona shangazi mmoja akivuta pumzi ili apige kigelegele.

"Sijasema hivyo," mama wa dukani akasema kwa Kiswahili. "Nimetaja vitu vya dukani kwangu. Misumari, bati, koleo, saruji, rangi, kitasa. Nimevitaja vyote, halafu nikarudia."

Shangazi akaishusha pumzi yake. Mama wa dukani hakuwa amemaliza.

"Hayo uliyoyasema wewe sasa hivi," akamwambia, "ndiyo niliyoyasema siku ile."

Mkalimani akafungua mdomo aseme kitu. Hakuna aliyemgeukia. Baba mkubwa aliinuka, akaenda mpaka mlango wa miti, akauvuta.

"Amelitoa kwa kinywa chake. Pita, mwanangu," akamwambia dada yangu. "Mama yako amengoja sana."

Mkalimani alikuwa amekaa kiti kilicho karibu na njia. Ilimbidi akunje miguu ili dada yangu apite.